Maswali ya Wasomaji: Ada ya Kuchora Nyumba Ihesabiwe Vipi?

Barua tatu za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni malipo ya mtu anayebuni nyumba ya kuishi. Ya kwanza ndiyo yenye mambo mengi, kwa hiyo ndiyo iliyochukua nafasi kubwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya kumaliza masomo yangu katika Chuo Kikuu Ardhi nilifanya kazi kwenye ofisi ya wabunifu majengo jijini Dar es Salaam, nikapata usajili, na sasa nimehamia Dodoma kujitegemea. Wateja wangu wengi ni watumishi wa umma wanaojenga nyumba za kuishi kwenye viwanja vya pembezoni mwa jiji. Kinachonisumbua ni bei. Wapo wanaonishauri nitoze asilimia ya gharama za ujenzi, wapo wanaosema nitoze kwa mita ya mraba, na wengine wananiambia nitaje bei moja ya mkupuo. Nikitaja milioni tatu, mteja ananionyesha kwenye simu yake ramani inayouzwa laki moja na nusu. Nikishusha bei, kazi ya wiki chache inakuwa ya miezi, kwa sababu mteja anabadilisha mawazo kila anapotoka kumtembelea shemeji yake aliyejenga. Nifanyeje? – Mbunifu kijana, Dodoma.

JIBU: Ndugu mbunifu, njia zote tatu ulizozitaja ni namna za kumtajia mteja bei, hakuna hata moja inayokuambia wewe mwenyewe bei hiyo inapaswa kuwa kiasi gani. Kabla ya kuchagua njia, unatakiwa ujue saa moja ya kazi yako inakugharimu nini, na hesabu hiyo haifanyiki mbele ya mteja bali mezani kwako, siku ambayo huna haraka.

Chukua mfano wa mtu anayefanya kazi peke yake, ukibadilisha tarakimu zangu kwa zako. Tuseme unahitaji shilingi 1,500,000 kwa mwezi za kuishi wewe na familia yako, yaani 18,000,000 kwa mwaka. Pango la ofisi ni 3,600,000, umeme na intaneti 1,800,000, usafiri 2,400,000, leseni za programu za kuchorea 1,500,000, na bima ya afya pamoja na ada za kitaaluma 1,200,000. Kompyuta ya milioni sita itakayodumu miaka mitatu inakula 2,000,000 kila mwaka, hata kama hukutoa fedha hiyo mwaka huu. Jumla ni 30,500,000. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya kodi, miezi mikavu na akiba ya kukuza ofisi, unafika 36,600,000.

Sasa gawanya kwa saa, na hapa ndipo vijana wengi wanapojipunja. Mwaka una wiki 52. Ukitoa likizo, sikukuu, kuugua na misiba zinabaki kama 46, na kwa saa 40 kila wiki unapata saa 1,840. Lakini si saa zote hizo zenye mtu wa kuzilipia. Zimo saa za kufuatilia madeni, kuzungumza na watu wanaouliza bei na wasirudi, kusubiri kwenye benchi la halmashauri, na kuitengeneza mashine ya kuchapia iliyogoma. Saa 1,000 zenye mteja nyuma yake ni makadirio ya busara. Kwa saa hizo, saa yako moja ni shilingi 36,600. Ukigawanya kwa 1,840 utapata chini kidogo ya 20,000, bei ambayo itakuridhisha hadi mwezi wa nne au wa tano, utakapoanza kujiuliza kwa nini kazi ni nyingi na mfuko ni mtupu.

Hatua ya pili ni kuikata kazi vipande na kukadiria saa za kila kipande. Tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, kimoja kikiwa na choo na bafu lake, isiyo ya ghorofa, yenye mita za mraba 140. Kikao cha kwanza na kwenda kukagua kiwanja kunaweza kuchukua saa 8. Michoro ya awali pamoja na marekebisho yake, saa 22. Kuendeleza mchoro uliokubaliwa, saa 14. Michoro kamili ya ujenzi, yaani msingi, mpangilio wa vyumba, mikato, sura za nje, paa, jedwali la milango na madirisha, njia za umeme na za maji, saa 36. Kuandaa na kufuatilia kibali cha ujenzi, saa 8. Jumla ni saa 88, sawa na shilingi 3,220,800, ambayo kwa mteja utaiandika 3,250,000. Kwenda saiti wakati wa ujenzi kuwekwe peke yake: kila safari ya saa nne, kuhesabu na njia, ni 150,000. Safari nne zikikubaliwa, kazi nzima inakuwa 3,850,000.

Hiyo ndiyo bei yako ya mkupuo, na kwa nyumba za watu binafsi naiona ndiyo njia inayofaa kuliko zote, mradi iwe imetoka kwenye saa na isiwe imetoka kwenye uso wa mteja. Asilimia itumie kujipima tu. Tukichukulia kwamba nyumba hiyo itajengwa kwa shilingi 600,000 kwa mita ya mraba, itagharimu 84,000,000, na ada yako itakuwa kama asilimia 4.6 ya fedha hiyo. Ungekuta hesabu yako ya saa imefika asilimia 15, ungejua ama umezidisha saa ama mteja huyu anahitaji huduma ndogo kuliko hiyo.

Kwa nini nisikushauri asilimia yenyewe? Kwa sababu katika ujenzi wetu wa nyumba binafsi ni vigumu kuijua hiyo gharama ambayo asilimia itatolewa. Kwenye jengo kubwa kuna mkandarasi, kuna mkataba na kuna jumla iliyoandikwa. Mtumishi wako wa Dodoma hana vitu hivyo. Ananunua saruji mwenyewe, mifuko ishirini mwezi huu na kumi mwezi ujao. Analipana na fundi kwa kazi ya mikono. Nondo alizinunua mwaka jana zilipokuwa na nafuu. Boma litasimama bila paa mpaka mkopo mwingine utoke. Ukimdai asilimia, mtagombana kuhusu thamani ya kitu ambacho hata yeye hajakiandika popote.

Ipo na sababu nyingine, ambayo mimi naiona nzito zaidi. Tuseme mteja amekuja na wazo lake lenye korido katikati ya nyumba, upana mita moja na nusu na urefu mita tisa, yaani mita za mraba 13.5 za kupita tu. Wewe unakaa nalo jioni mbili, unahamisha mlango wa sebule, unavigeuza vyumba viwili vitazamane, na korido inabaki mita za mraba 7. Umemwokolea mita 6.5, ambazo kwa bei ile ile ya 600,000 ni shilingi 3,900,000, zaidi ya ada yako yote pamoja na safari za saiti. Kwa utaratibu wa asilimia, zawadi yako kwa jioni hizo mbili ni kupunguziwa malipo kwa karibu shilingi 180,000. Mbunifu mwaminifu hatakiwi kuwekwa mahali ambapo akili yake inamkata mshahara.

Bei ya mita ya mraba nayo ina udanganyifu wake. Saa nyingi za kuchora hazikai kwenye vyumba vya kulala, ambavyo ni kuta nne na dirisha; zinakaa jikoni, bafuni, kwenye ngazi na kwenye paa. Nyumba ya mita 70 yenye jiko na mabafu mawili haitumii nusu ya saa za nyumba ya mita 140 yenye jiko na mabafu mawili. Ukitoza kwa mita, nyumba ndogo itakutia hasara na mwenye nyumba kubwa atakuwa anakulipa kwa ukubwa wa sebule yake. Ifanye kuwa njia ya kumpa mtu jibu la haraka kwenye simu, kisha umwambie kwamba bei kamili itatoka baada ya kuona kiwanja.

Kuhusu huyo anayetoka kwa shemeji na wazo jipya, tatizo lako ni barua ya makubaliano kuliko bei. Andika ndani yake kwamba michoro ya awali ina marekebisho ya mara mbili, na kwamba mteja akishaweka saini kwenye mchoro wa awali, badiliko lolote litahesabiwa kwa saa na atatajiwa gharama kabla hujaligusa. Mteja akisema, "Naomba tu jiko lihamie upande wa pili," mwonyeshe kinachofuatana nalo: mlango wa nyuma unahama, karo na mabomba yanahama, njia ya maji machafu kuelekea shimoni inabadilika, dirisha na linta yake vinabadilika kwenye sura mbili za nje, na jedwali la madirisha linaandikwa upya. Hizo ni saa sita, yaani shilingi 219,600. Wengi wakisikia hivyo huamua kwamba jiko liko pazuri lilipo, na anayeamua kuendelea anaendelea kwa hiari yake akijua analipa nini.

Barua hiyo hiyo iseme wazi visivyokuwemo: upimaji wa kiwanja, kazi ya mhandisi wa miundo, makadirio ya mkadiriaji majenzi, uchapishaji wa nakala za ziada, na ada za halmashauri, ambazo mteja alipie mwenyewe kwa namba ya malipo anayopewa na serikali ili fedha hizo zisipite mkononi mwako kabisa. Iseme pia kwamba bei inadumu siku 60, na kwamba kazi ikisimama zaidi ya miezi sita kwa upande wa mteja, sehemu iliyobaki itakadiriwa upya. Bila kifungu hiki utapigiwa simu baada ya miaka miwili na mtu anayetaka umalizie kwa bei ya zamani.

Malipo yagawe ili kazi isitangulie fedha kwa umbali mrefu. Kwa ile 3,250,000, pokea asilimia 30, yaani 975,000, barua ikisainiwa na kabla ya mstari wa kwanza. 975,000 nyingine mchoro wa awali ukikubaliwa. Na 1,300,000 kabla ya kukabidhi michoro kamili. Neno "kabla" hapo lisiondolewe hata kwa jamaa. Mtu akishakuwa na michoro yenye muhuri mkononi, deni lako linaingia kwenye foleni nyuma ya tofali, mchanga na fundi. Ukifanya kazi na kampuni au taasisi, kumbuka kwamba huenda ikakata kodi ya zuio kwenye malipo yako, na kama umesajiliwa kutoza kodi ya ongezeko la thamani, barua itamke iwapo bei imeijumuisha au la.

Tumalizie na ile ramani ya laki moja na nusu. Usishindane nayo kwa bei, kwa maana aliyeiuza ameshaiuza mara nyingi na hajui kama kiwanja cha mteja wako kina mteremko. Mteja asiye na milioni tatu mpunguzie kazi, lakini thamani ya saa iache ilivyo. Mwuzie saa tatu za ushauri kiwanjani kwa 110,000: nyumba itazame wapi, shimo la maji machafu likae wapi, gari liingilie wapi. Au mwuzie mchoro wa awali peke yake. Kitu kimoja usikiuze kwa bei yoyote, nacho ni muhuri wako juu ya ramani ambayo hukuibuni wala kuisimamia. Kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, wewe ni mtaalamu uliye chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Hapo hapo kwenye Bodi waulize mwongozo wa ada unaotumika sasa kabla hujatangaza bei zako.

SWALI: Nina kiwanja Kibaha, mita 20 kwa 30, kinachoteremka kuelekea barabarani. Mbunifu majengo ameniambia atachora nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi milioni tatu na nusu. Fundi wangu, ambaye ameshajenga nyumba nyingi mtaani kwetu, anasema hizo ni fedha za kununulia karatasi, na kwamba yeye anayo ramani tayari. Nimsikilize nani? – Baba wa watoto watatu, Kibaha.

JIBU: Ndugu yangu, fundi wako huenda ni fundi hodari wa kujenga, na sina sababu ya kumshuku. Ila ramani aliyonayo ilichorwa kwa ajili ya kiwanja kingine, na kama ilivyo kwa ramani nyingi za namna hiyo, inachukulia kwamba ardhi ni tambarare. Chako si tambarare. Fanya hesabu ndogo: nyumba ya mita 14 kwa 10 kwenye mteremko unaoshuka mita moja kila mita kumi. Ukiilaza ubavu wake mrefu ukafuata mteremko, ukuta wa msingi upande wa chini utazidi kimo cha ule wa upande wa juu kwa mita 1.4; ukiigeuza ubavu mrefu ukakatiza mteremko, tofauti inakuwa mita moja. Hizo sentimita 40, kwa upana wa nyumba nzima, ni mawe, saruji na malori ya kifusi ambayo hayatakuja kuonekana tena baada ya sakafu kumwagwa. Aidha, katika ukanda wetu ukuta unaotazama mashariki na ule wa magharibi ndio unaopigwa zaidi na jua. Mtu wa kuamua kati ya mteremko, jua na upepo, akijua kwamba huenda vinavutana, ndiye unayemlipa.

Hilo halina maana kwamba kila milioni tatu na nusu ni halali. Mwombe mbunifu akuandikie orodha ya michoro utakayopewa, idadi ya marekebisho, idadi ya safari za saiti, na jina la mhandisi atakayehusika na nondo na zege, pamoja na kama malipo ya mhandisi huyo yamo ndani au yako nje. Hakikisha kwenye Bodi kwamba usajili wake upo na uko hai. Akikwepa kuandika, mwache aende zake hata kama ni rafiki wa rafiki.

Wewe nawe una uwezo wa kuipunguza bei hiyo bila kubembeleza. Nenda na ramani ya upimaji ya kiwanja chako na uhakikishe bikoni zinaonekana, maana saa za kuzitafuta vichakani utazilipia. Kaeni wewe na mama watoto mkubaliane mnachotaka kabla ya kikao cha kwanza. Mabishano yenu yakifanyikia ofisini kwa mbunifu yana bei kwa saa. Na mtajie fedha mliyonayo kwa ukweli. Watu wengi huificha wakidhani wataongezewa ada, matokeo yake wanachorewa nyumba ya milioni mia na ishirini wakati uwezo wao ni milioni sabini, kisha wanalipa tena ili ichorwe upya.

SWALI: Mimi ni mbunifu wa mapambo ya ndani ya nyumba hapa Mombasa. Nawanunulia wateja mapazia, taa na samani, na maduka hunipa punguzo la bei. Je, ni sawa niongeze faida yangu kwenye bei ya vitu badala ya kutoza ada? – Bi. S., Nyali.

JIBU: Bi. S., kuongeza faida kwenye bidhaa si dhambi, ila ni lazima mteja aijue. Mteja wa leo hupiga picha ya taa na kuitafuta bei yake kwenye simu kabla hujatoka mlangoni, na akigundua tofauti ambayo hukumwambia, hatakuamini tena hata kwenye rangi ya ukuta. Zaidi ya hayo, faida hiyo inakuvuta kupendekeza kochi la bei kubwa pale ambapo seremala wa mtaani angetengeneza zuri zaidi.

Toza ada ya ubunifu kwa saa, kama nilivyomweleza mbunifu wa Dodoma, na kazi ya ununuzi itoze kivyake kwa asilimia iliyoandikwa, kwa sababu kuagiza, kufuatilia, kupokea na kurudisha kitambaa kilichokatwa vibaya ni kazi inayokula siku nzima. Hapa asilimia inafaa, kwa kuwa risiti ipo na kila mmoja anaiona. Punguzo la dukani amua tangu mwanzo: ama linamwendea mteja lote, ama linabaki kwako na ada ya ununuzi inafutwa. Usichukue yote mawili.

Fedha za bidhaa pokea zote kabla ya kuagiza, na uziweke mbali na ada yako. Fundi wa mapazia akidai malipo ya awali, yatoke kwenye fedha za mteja huyo huyo. Usilipie mapazia ya Nyali kwa fedha za mteja wa Bamburi ukitumaini wa Nyali atatuma kwa M-Pesa jioni.